Mtoto wa Tanga Apandisha Vadodara

Mwenye nyumba wangu pale Vadodara, jimboni Gujarat, ni bibi mmoja ambaye sote tunamwita Ba, na Kiswahili chake ni cha jikoni. Alizaliwa Jinja, Uganda, akatoka huko mwaka 1972 Amin alipowapa Wahindi siku 90 wawe wameshaondoka. Tangu hapo Kiswahili chake hakijaongezeka hata neno. Sufuria, chungu, leta maji, funga mlango. Nilipokwenda kuomba chumba cha juu, akaniuliza, "Wewe toka wapi?" Nikasema Tanga. Akaita majirani waje waone. Kuanzia siku ile mimi ni mjukuu, ila kodi nalipa vilevile.

Sasa ikafika Navratri, masiku tisa ya Mama Amba, mungu wa kike wa Wahindu, ambayo huangukia Septemba au Oktoba. Vadodara wakati huo hawalali. Kuna viwanja ambavyo maelfu ya watu wanazunguka pekupeku hadi usiku wa manane, na ngoma yao hiyo ya garba ndiyo UNESCO waliyoiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2023. Ba kule haendi. Anasema kule vijana wanaichezea kamera, si Mama. Yeye anataka garba ya mtaani: sanamu ya Amba juu ya chui milia wake, meza, maua, mbele yake taa, watu wanazunguka na kuimba. Akaniambia, "Wewe nacheza." Halikuwa swali.

Nguo nikakodi. Kediyu ni kikoti kifupi cha marinda, kimedariziwa vioo, kinafumka ukizunguka. Suruali yake ni pana mapajani halafu inabana vifundoni. Fundi aliyeibuni hakuwaza mambo ya wadudu: kinachoingia kwa juu, chini hakina pa kutokea.

Katikati ya usiku ngoma ikasimama kwa ajili ya aarti, ibada ya taa. Sahani ya taa na kafuri ikapita, kila mtu anapitisha viganja juu ya moto na kujipangusa usoni. Baada yake ikagawiwa sukhdi, vipande vya unga wa ngano, samli na sukari guru. Ba alikuwa kafunga. Masiku haya nafaka hagusi, anakula viazi na matunda. Kwa hiyo fungu lake likaja kwangu, na la shoga yake pia, na kukataa chakula kilichotoka kwa Mama si adabu. Nikala nikashindwa. Vilivyobaki nikatia mfukoni, nikakaa chini ya mwarobaini kupumzisha nyayo. Samli ikayeyuka taratibu kwa joto la paja, mimi sina habari.

Ngoma ikarudi. Nikaingia duara la ndani, kati ya mwalimu mstaafu na katoto kamoja kalikokuwa kananirekebisha hatua. Makofi matatu, geuka, mbele, nyuma. Nikahisi kitu pajani. Nikasema jasho.

Jasho likauma.

Kwetu mdudu yule tunamwita chungu: mweusi, mkubwa, na akiuma anaita ndugu zake. Nikajipiga paja. Nikajipiga la pili. Nikaruka, nikageuka kinyume cha duara, jambo ambalo kwenye garba ni sawa na kuingia barabara ya njia moja kwa upande wa kutokea. Kichwa kinatikisika, mikono haina mwenyewe. Wapiga ngoma, badala ya kuacha, wakaongeza kasi. Mama mmoja akapiga ukelele, "Mataji aavya!" Mama kafika!

Hapo nikaelewa kilichonipata. Mimi mtoto wa Tanga, watu wakipandisha pepo nimewaona tangu sijaota meno. Najua kiti, yaani yule aliyepandwa, kinavyotikisika, na najua watazamaji wanavyorudi nyuma kwa hofu huku shingo zao zikija mbele kwa umbea. Ndivyo mtaa mzima ulivyokuwa umesimama. Tofauti yake tu, safari hii kiti ni mimi. Na utetezi sina. Mahali pengine wangesema kijana kalewa, yakaisha. Gujarat pombe imepigwa marufuku tangu jimbo lianze, mwaka 1960.

Nikapakwa kumkum, ile poda nyekundu, kwenye paji la uso. Nikavishwa shada la maua. Baba mmoja akaunga mikono, akaniuliza jambo refu kwa Kigujarati, na ndani yake nikaambulia neno moja: Canada.

Kigujarati changu kinatosha kununulia vitunguu. Kwa maumivu yale nacho kikanikimbia, nikabaki na lugha ya mama. "Chungu! Jamani, chungu! Chungu kwenye..." Sikumaliza, maana mmoja alikuwa ameshafika pasipotajwa mbele ya watu wazima.

Kimya kikatanda. Mataji anasema Kiswahili! Macho yote yakamgeukia Ba.

Nadhani bibi yule alikuwa akiisubiri siku hiyo tangu 1972. Akainuka kwenye kiti chake cha plastiki, akavuta sari kichwani, akawatangazia watu kwa Kigujarati. Kisha akanigeukia mimi, yaani akamgeukia Mama, kwa unyenyekevu wote: "Chungu nakuja, Mama. Polepole."

Kwenye Kiswahili cha Ba kuna chungu kimoja tu, nacho hakina miguu.

Wakakileta. Ni kile kilichokuwa mbele ya sanamu: cha udongo, kimetobolewa matundu pande zote, ndani taa ya samli inawaka. Wanawake wa huku hukitia kichwani wakacheza nacho bila kukishika, na ni jambo la kupendeza sana kwa mtu ambaye suruali yake iko salama. Wakanitwisha.

Nikaganda. Juu moto, chini meno. Nikitikisika, samli ya moto inanimwagikia na chungu cha Mama kinapasuka mbele ya waumini; nisipotikisika, naliwa. Machozi yakanitoka. Walipoyaona, na wao wakaanza kulia.

Aliyeniokoa ni mdudu mwenyewe. Mmoja nadhani alichoka na giza, akapanda tumbo, akatokea kwenye ukosi, akakata shingo. Ba alikuwa amesimama karibu kabisa, mikono ameiunga. Nikaliona jicho lake likimfuata yule mdudu kutoka kushoto kwenda kulia, kisha likarudi usoni kwangu.

"Chungu... ile?" akanong'ona.

"Ile, Ba."

"Iko mingi?"

"Mingi sana, Ba."

Mtu mwingine angesema ukweli. Ba akawageukia watu, akatoa maneno marefu kwa sauti nzito. Chungu kikashushwa mbio. Vijana wawili wakakimbilia fagio, wengine wakainama kuokota makombo ya sukhdi yaliyotapakaa chini. Mimi nikakokotwa hadi bafuni kwake, nikajifungia na ndoo mbili za maji. Suruali niliirusha uani kupitia dirishani, na aliyenikodisha anaidai hadi leo.

Nikatoka nimejifunga shuka ya marehemu mume wake. "Ba, uliwaambia nini?"

"Mama hapana penda takataka." Akafikiri kidogo. "Miaka mingi mimi nasema hii, hakuna mtu nasikia. Leo nasikia."

Rafiki yangu wa Iringa alikuwa amerekodi yote. Sijakauka maji, video imeshafika Tanga, mama yangu anapiga simu. Hakushangaa hata kidogo. Alitaka kujua jambo moja tu: hawa ni wa upande wa baba yangu au wa kwake?

Jioni ya pili yake nikashuka ngazi nimevaa jinzi ya kubana. Chini nikakuta foleni. Mbele kabisa yule baba wa Canada, mkononi sahani ya peda, vile vitamu vya maziwa, nyuma yake wengine, na Ba kwenye kiti chake cha plastiki anawapanga. Akanionyesha kigoda pembeni yake.

"Kaa. Leo sema kitu yoyote. Sema ugali, sema baiskeli. Mimi najua Mama nataka nini."