Kiti cha mwanafunzi wa Ulaya na ada ya mgeni

Tarehe 19 Juni 1999, mawaziri wa elimu wa nchi 29 za Ulaya walitia saini Azimio la Bologna. Walikubaliana kwamba shahada zao zifanane kwa muundo, ili aliyesoma Lisbon asisumbuliwe akienda kuendelea na masomo Warsaw. Wanafunzi, ambao maisha yao ndiyo yaliyokuwa yanapangwa, hawakuwa na kiti rasmi mezani.

Walikipata miaka miwili baadaye. Machi 2001 vyama vya kitaifa vya wanafunzi vilikutana Göteborg, vikaandika msimamo wa pamoja, na mwezi Mei mawaziri walipokutana Prague walitamka kuwa mwanafunzi ni mwanajumuiya kamili wa elimu ya juu na ana haki ya kushiriki katika maamuzi. Bahati haikuwasaidia kitu hapo. Chombo walikuwa nacho tayari. Mwaka 1982 vyama saba vilianzisha ofisi ndogo ya kupashana habari mjini Stockholm, na ofisi hiyo ndiyo leo inaitwa European Students' Union, yaani umoja wa wanafunzi wa Ulaya, yenye makao Brussels, ikiwasemea wanafunzi wapatao milioni 20.

Kwa mtu aliyepita chuo kikuu Tanzania, harakati za namna hii zinaonekana baridi mno. Sisi tumezoea mgomo: bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, limechelewa, watu wanajaa uwanjani, FFU, polisi wa kutuliza ghasia, wanafika, kesho yake viongozi wanasimamishwa masomo. Wenzetu wa Brussels wanashinda wakisoma rasimu, wakipendekeza aya hii ibadilishwe na ile ifutwe, kisha wanasubiri mkutano mwingine wa mawaziri. Hakuna wimbo wala kirungu. Hata hivyo naamini kazi hiyo imewaletea mengi kuliko maandamano, na nikitakiwa ushahidi nitataja jopo la ukaguzi.

Mwaka 2005, mjini Bergen, mawaziri walipitisha viwango vya pamoja vya ubora wa elimu ya juu. Umoja wa wanafunzi ulishiriki kuviandika, bega kwa bega na wawakilishi wa vyuo na wa mamlaka za ithibati. Viwango hivyo vinataka jopo linalotoka nje kukagua chuo liwe na mwanafunzi ndani yake. Naye hakuwekwa pale kupamba picha. Anaisoma taarifa ya chuo kama wanavyoisoma maprofesa, anakaa kwenye mahojiano na wakuu wa chuo, na anauliza.

Maswali yake ndiyo yanayonifurahisha. Profesa atauliza mitaala na machapisho. Mwanafunzi atauliza matokeo ya mtihani yanatoka baada ya wiki ngapi. Atauliza anayekata rufaa ya alama anaipeleka kwa nani, au inarudi kwa mwalimu yuleyule aliyesahihisha? Yale madodoso tunayojazishwa mwisho wa muhula, nani anayasoma? Anayefanya kazi mchana anaikuta maktaba wazi? Mkuu wa chuo hawezi kujibu hayo kwa hotuba, maana majibu yanaandikwa. Yeyote aliyewahi kukata rufaa ya alama, popote pale, atanielewa.

Wapo wanaolalamika kwamba viongozi hawa wamekuwa warasimu, na kwamba mwanafunzi wa kawaida wa Porto au Kraków hajawahi kuwasikia. Ni kweli, na hainikoseshi usingizi. Hata mhandisi aliyekagua bweni lake hamjui. Anachotaka ni bweni lisimwangukie.

Kinachoniudhi ni ada. Kifungu cha 165 cha mkataba wa utendaji wa Umoja wa Ulaya kinaacha elimu mikononi mwa nchi wanachama: Brussels inaweza kusaidia na kuratibu, haiwezi kuzilazimisha nchi zifananishe sheria zao. Kwa hiyo umoja wa wanafunzi unaweza kupitisha maazimio mazuri ya kupinga ada, lakini ada inaamuliwa Stockholm, Helsinki na Paris. Na huko wa kwanza kubanwa ni mgeni, kwa sababu hapigi kura. Uswidi ilianza kuwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya na nchi chache washirika wake mwaka 2011, Ufini 2017. Ufaransa iliwapangia euro 2,770 kwa mwaka kwa shahada ya kwanza na 3,770 kwa uzamili kuanzia 2019, ingawa vyuo vingi viliwasamehe. Norwei, ambako Mtanzania au Mkenya aliyepata nafasi aliumiza kichwa kwa chakula na pango tu, ilifuata mwaka 2023. Vyama vya wanafunzi vya huko vilipinga. Serikali ikaendelea na mpango wake.

Mwaka 2007, London, mawaziri walikubaliana kwamba wanaoingia, wanaosoma na wanaohitimu vyuoni waakisi sura ya jamii zao. Kijana wa Mwanza au Kisumu hayumo katika jamii hizo, na ahadi hiyo inampita juu kwa juu.

Sitarajii Brussels imfutie ada. Ila kiti walichokipigania wenzetu kipo, na hakihitaji sheria mpya. Jopo likienda kukagua chuo Oslo au Uppsala, mwanafunzi aliyemo amuulize mkuu wa chuo: mwaka mmoja kabla ya ada mlikuwa na wanafunzi wangapi kutoka Afrika, na mwaka uliofuata walibaki wangapi? Jibu liingie kwenye ripoti, mawaziri walikute kwenye makabrasha yao watakapokutana tena.