Programu Iseme Imetafuta Wapi

Ukiingia katika steshenari za Mwanjelwa, hapa Mbeya, utakuta kompyuta za Windows ambazo kutwa nzima hupokea vyeti vilivyoskaniwa, hubadili nyaraka kuwa PDF na kuchapa mitihani ya shule za jirani. Kazi hizo mara nyingi hazifanywi na programu moja. Ile anayoiona mhudumu huita nyingine nyuma ya pazia: Tesseract ya kusoma maandishi yaliyomo kwenye picha, Ghostscript ya kushughulikia PDF, au LibreOffice ya kubadili nyaraka. Kwa maoni yangu, programu inayotegemea nyingine kwa namna hii ina wajibu wa kueleza imezitafuta wapi na imepata ipi, na ujumbe mtupu kwamba "programu saidizi haikupatikana" ni uzembe wa aliyeiandika.

Kwenye Linux, mfumo endeshi mwingine wa kompyuta, kutafuta ni rahisi. Ipo orodha ya folda iitwayo PATH, utaratibu wenye mizizi katika Unix, mfumo endeshi wa miaka ya 1970, na mfumo hupitia folda hizo moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wake, hadi ukute faili yenye jina linalotakiwa. Kwa kuwa programu nyingi huishia ndani ya /usr/bin, kijana anayetengeneza kitu kwenye laptopu yake ya Linux huandika tesseract tu, na kazi ikaenda. Akikipeleka dukani, kinagoma. Windows nayo ina PATH, ingawa folda zake hutenganishwa kwa nukta mkato badala ya nukta mbili, lakini programu nyingi hujiweka ndani ya C:\Program Files bila kujiandikisha kwenye orodha hiyo. Ghostscript, kwa mfano, huacha taarifa zake kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio ya mfumo, na faili yake, ambayo kwenye Linux huitwa gs, huku huitwa gswin64c.exe.

Hata hivyo, kukosa kabisa ni afadhali kuliko kupata isiyo yenyewe. Kwa miaka mingi ImageMagick, programu ya kushughulikia picha, ilitumia amri iitwayo convert kubadili picha, na Windows nayo ina convert.exe yake ndani ya System32, ambayo kazi yake ni kubadili namna diski inavyopanga faili, kutoka mfumo wa FAT kwenda NTFS. Programu ikiita convert kwa jina tupu, Windows huweza kuikabidhi hiyo ya System32, na mhudumu aliyetaka tu kupunguza picha ya pasipoti hujibiwa mambo ya diski. Toleo la 7 la ImageMagick lilileta amri ya magick, lakini maelekezo ya zamani bado yanazunguka mitandaoni na vijana wanaendelea kuyanakili. Kwa hiyo haitoshi kukuta jina. Programu iliyopatikana iulizwe toleo lake, na jibu lisomwe kabla ya kuikabidhi kazi.

Mac ni chache huku kwetu, lakini nazo zina mtego wake: Homebrew, chombo cha kusakinishia programu, huweka vitu kwenye /opt/homebrew/bin katika mashine zenye chipu za Apple Silicon na kwenye /usr/local/bin katika zile za Intel, na programu iliyofunguliwa kwa kubofya ikoni hairithi PATH uliyoipanga kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri.

Wapo wanaosema dawa ni kufungasha programu saidizi zote pamoja na ile kuu. Kwa Tesseract naweza kukubali. Kwa LibreOffice, yenye mamia ya megabaiti, mwenye duka anayepakua kwa bando la simu ataumia, na kila rekebisho la usalama litamsubiri aliyefungasha.

Mimi ningependa programu ianze na mahali alipopachagua mtumiaji, ikikosa iende kwenye PATH, kisha kwenye rejista na folda zinazojulikana, na ikishindwa kote ionyeshe orodha kamili ya ilikopita pamoja na kitufe cha kuchagua faili kwa mkono. Chaguo hilo lihifadhiwe, lakini likaguliwe kila programu inapofunguliwa, kwa sababu Ghostscript kwenye Windows hujiweka katika folda yenye namba ya toleo, na ukisakinisha toleo jipya na kuondoa la zamani, njia iliyohifadhiwa jana haielekezi popote.