Daftari la Jumuiya Lisigeuzwe Fimbo ya Msibani

Kuna swali ambalo wafiwa Wakatoliki hapa Dodoma hulisikia mapema mno, pengine hata turubai halijafungwa: marehemu alikuwa jumuiya gani, na alikuwa anasali? Katibu anafungua daftari la mahudhurio, mhazini anafungua la michango, na mazungumzo ya mazishi yanaanzia hapo. Nasema wazi kwamba utaratibu huo umepotoka. Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, yaani kaya za majirani zinazosali pamoja kila wiki, ni hazina ya Kanisa letu, na inauma kuona daftari lake likitumika kumwadhibu mtu asiyeweza tena kujirekebisha, huku adhabu yenyewe wakiibeba mjane na watoto.

Tuanze na sheria, maana viongozi wengi wa walei, yaani waamini wasio mapadre wala watawa, hukabidhiwa madaftari bila kuelezwa sheria inasemaje. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni namba 1184, unataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa iwapo hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Ni makundi matatu: walioiasi imani, wazushi na wafarakano wanaojulikana hivyo hadharani, waliochagua kuchomwa miili kwa sababu zinazopinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangeleta kashfa kwa waamini. Kukosa jumuiya hakumo. Kudaiwa zaka hakumo. Kutochangia nyumba ya mapadre hakumo. Pakiwa na shaka yoyote, kanuni hiyohiyo inasema aulizwe askofu mahalia na uamuzi wake ufuatwe. Haisemi aulizwe mwenyekiti wa jumuiya wala kamati ya maafa. Kanuni ya 1181 inaongeza kuwa katika mazishi kusiwe na upendeleo kwa watu, na maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Hata mkatekumeni aliyefariki kabla ya ubatizo, kanuni ya 1183 inamhesabu kati ya waamini katika suala la mazishi.

Watauliza: na wale wa uchumba sugu, wanaoishi pamoja miaka mingi bila ndoa? Hilo ni la paroko, na paroko analipima kwa kuangalia dalili za toba. Kumwita padre, kuomba kuungama, kubusu msalaba kitandani, kuomba mtoto abatizwe: hizo ni dalili. Kazi ya jumuiya ni kumpelekea paroko habari hizo kwa uaminifu. Hukumu si kazi yake.

Kwa Dodoma jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kasi mwaka 2016, na mji kutangazwa jiji mwaka 2018, mitaa ya Kisasa, Ilazo, Nzuguni, Nkuhungu na njia yote ya kuelekea Mtumba imejaa watu waliotoka Kagera, Kilimanjaro, Songea, Mbeya. Wengi ni wapangaji. Anahama nyumba kodi ikipanda, anavuka mpaka wa jumuiya bila kujua, na jina lake linabaki kwenye daftari la zamani likiwekewa alama ya utoro kila wiki. Huyu akifariki, mara nyingi mwili unasafirishwa kwao, na paroko wa kule, asiyemfahamu mtu aliyeondoka kijijini akiwa kijana, ataomba barua kutoka Dodoma. Barua hiyo ndiyo itakayowafungulia au kuwafungia wafiwa mlango wakiwa mamia ya kilomita kutoka hapa.

Kwa hiyo iandikwe vizuri. Yanayotakiwa ni machache: jina kamili na jina la ubatizo, parokia aliyobatizwa na mwaka, kama vinajulikana, sakramenti alizopokea, hali ya ndoa, kama alipata Mpako wa Wagonjwa au alimwomba padre, jina la jumuiya na kigango (tawi la parokia), sahihi ya mwenyekiti na katibu, kisha sahihi na mhuri wa paroko. Habari za michango hazina nafasi humo. Sentensi kama “hakuwa mwanajumuiya hai” iachwe kabisa, kwa sababu haimpi paroko wa kule jambo lolote la kisheria la kuamulia. Inampa mashaka tu, na mashaka hayo yatakua msibani mbele ya ukoo mzima.

Jambo jingine linalozua manung'uniko bila sababu ni siku. Misa ya mazishi hairuhusiwi katika sherehe zilizoamriwa, Alhamisi Kuu, siku tatu kuu za Pasaka, na Dominika za Majilio, Kwaresima na Pasaka. Mazishi siku hizo yanaweza kufanyika kwa Liturujia ya Neno na ibada ya maziko, na Misa ya kumwombea marehemu ikapangwa siku nyingine. Asipokuwepo mtu wa kueleza, wafiwa watakwenda nyumbani wakiamini ndugu yao amenyimwa Misa kwa sababu ya deni. Katekista alieleze hilo usiku wa kwanza wa msiba, wakati familia bado inapanga siku.

Viongozi wana hoja moja ambayo lazima niiheshimu. Wanasema: tukilegeza, nani atakuja jumuiya? Watu watasubiri kuzikwa tu. Najua uchovu ulio ndani ya maneno hayo. Mwenyekiti anayeamka Jumamosi saa 12 asubuhi akakuta watu watano kati ya kaya 30 ana haki ya kuumia. Lakini hofu ya mazishi inaleta sahihi kwenye daftari, haileti watu kwenye Neno. Ndiyo maana tunaona wanaofika wakati wa matangazo, wanaitikia jina na kuondoka. Barua ya jumuiya ina kazi yake halali kwa walio hai. Kwa ubatizo wa mtoto, kwa mfano, kanuni ya 868 inadai kuwepo tumaini la msingi kwamba atalelewa katika imani Katoliki, na majirani ndio wanaoweza kulishuhudia. Likikosekana kabisa, ubatizo unaahirishwa na wazazi wanaelezwa sababu. Pale wazazi wapo, wanasikia, wanaweza kubadilika. Mtu mtoro atembelewe akiwa hai. Viongozi wawili, mara mbili, bila daftari mkononi.

Na wakifika kwake wamuulize saa zake za kazi. Muuguzi wa zamu, mlinzi wa usiku, askari, dereva wa basi, msichana wa kazi za ndani ambaye Jumamosi asubuhi ndiye anayefua nguo za nyumba nzima: hawa wote daftari linawaita watoro. Kanda yenye jumuiya tano au sita inaweza kabisa kuweka moja ikasali Jumatano saa 11 jioni, na mahudhurio ya huko yakatambuliwa kokote. Kumtambua mwamini aliyesali jumuiya jirani hakuhitaji kikao cha parokia. Kunahitaji makatibu wawili wenye namba za simu za wenzao.

Mgeni naye aandikwe siku ya kwanza, kwa fomu ya nusu ukurasa. La muhimu kuliko yote humo ni parokia alikobatizwa, kwa sababu kanuni ya 535 inataka kipaimara, ndoa na upadrisho viandikwe kwenye kitabu cha ubatizo cha huko. Akitaka kufunga ndoa Dodoma atahitaji cheti kipya cha ubatizo chenye maelezo hayo ya pembeni, na tukijua mapema anaandika kuomba mapema. Kumwachia agundue hilo wakati kadi za harusi zimeshachapwa ni kumkosea.

Sasa nije kwenye kiini, maana mahudhurio hayawezi kupona kama mkutano wenyewe ni mgonjwa. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, katika mkutano wao wa Nairobi wa mwaka 1976, waliweka ujenzi wa jumuiya hizi kuwa kipaumbele cha Kanisa la Afrika Mashariki. Walitaka Kanisa liishi mtaani, kati ya majirani wanaojuana kwa majina. Chombo kilichosaidia sana ni njia ya hatua saba za kushirikishana Injili, iliyoandaliwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Jumuiya nyingi zinaitaja, lakini chache zinaimaliza.

Ikifuatwa kwa utulivu inachukua dakika 45 hivi. Hatua ya kwanza ni kumkaribisha Bwana: mtu mmoja, si lazima kiongozi, anasali kwa maneno yake, dakika mbili. Ya pili, Injili ya Dominika ijayo inasomwa, wengine wakifuata kwenye Biblia zao. Ya tatu, kila anayependa anataja neno au kifungu kifupi kilichomgusa, anakirudia polepole mara tatu, bila kueleza chochote. Ikiisha, Injili isomwe tena yote. Ya nne ni ukimya wa dakika tatu hadi tano. Ya tano, kushirikishana: “neno hili limenigusa kwa sababu hii,” kila mmoja dakika moja au mbili, akisema “mimi” na si “nyinyi”. Ya sita, jumuiya inajadili kazi: wiki hii Bwana anatutuma tufanye nini hapa mtaani, nani atafanya, lini. Ya saba, sala za maombi na wimbo.

Inapoharibikia kunajulikana. Ukimya unarukwa kwa sababu kiongozi anaogopa kimya kirefu na kuanzisha wimbo. Matokeo yake hatua ya tano inabaki na maneno ya juujuu. Hatua ya tano inatekwa na mzungumzaji mmoja anayehubiri dakika 20, na kina mama wa pembeni hawasikiki tena. Dawa ni mwongozaji kubadilishwa kila wiki, kaya kwa kaya, vijana wakiwemo. Uharibifu mkubwa kuliko yote uko kwenye hatua ya sita. Hiyo ndiyo hatua ya kusema bibi wa nyumba ya tatu hajaletewa maji, fulani katoka hospitali, mtoto wa yule mama hana daftari la shule. Tumeifuta, na mahali pake tumeweka matangazo: tegemeza, ujenzi, gari la paroko, sare ya sherehe ya mtakatifu somo wa jumuiya. Dakika 15 za Neno, dakika 50 za fedha. Anayetoka hapo ameshibishwa nini?

Hatua ya sita ikirudi, mgonjwa atajulikana wiki ileile. Jina lake litafika kwa paroko kabla ya Ijumaa ya kwanza ya mwezi, siku ambayo parokia nyingi huwapelekea wagonjwa Komunyo, na Mpako wa Wagonjwa utatolewa mtu akiwa bado anaweza kuitikia sala. Mezani panahitajika kitambaa cheupe, msalaba, mishumaa miwili na maji ya baraka; jumuiya inaweza kuvitunza pamoja kwenye mfuko mmoja unaozunguka. Msiba wa mtu aliyehudumiwa hivyo hauna haja ya kufunguliwa daftari.

Fedha hazikwepeki, na sitasema zisichangwe. Kanuni ya 222 inawapa waamini wajibu wa kulisaidia Kanisa lipate mahitaji yake. Ila kuna namna. Matangazo yasizidi dakika kumi, baada ya sala ya mwisho. Majina ya wasiotoa yasisomwe kamwe. Zaka iwe kwa bahasha au kwa simu, fedha zihesabiwe na watu wawili, risiti itolewe siku hiyohiyo, na mhazini asome hesabu kila robo mwaka, matumizi yakiwemo. Watu wanaoona fedha ilikokwenda huchangia bila kusukumwa. Tena mchango ufuate msimu. Huku kwetu Ugogoni mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Januari na Februari ghala za wakulima wa mtama na uwele zinapungua, na familia nyingi za Chamwino, Bahi na vijiji vya pembezoni mwa jiji zinanunua chakula. Kuwapelekea kiwango cha ujenzi miezi hiyo ni kuwasukuma nje ya jumuiya. Juni na Julai, baada ya mavuno, debe la mtama au alizeti linatolewa kwa furaha na kupelekwa altareni kwa ngoma za muheme. Mfanyakazi wa mshahara ana mwisho wa mwezi. Kiwango kimoja, tarehe moja, kwa kaya zote, kinawaonea wenyeji waliowapokea wengine wote mjini hapa.

Halmashauri ya walei ya parokia inaweza kuanza na jambo dogo: ukurasa mmoja wenye kanuni za 848, 1181, 1183 na 1184 kwa Kiswahili chepesi, pamoja na mfano wa barua ya msiba, ubandikwe ndani ya jalada la kila daftari la jumuiya. Kanuni ya 848 ndiyo inayomtaka mhudumu wa sakramenti asidai chochote zaidi ya sadaka iliyopangwa na mamlaka halali, na ahakikishe wahitaji hawakosi msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Kisha semina ya viongozi wapya ichukue nusu siku kuzisoma, paroko akiwepo kujibu maswali, na kila katibu aandike barua moja ya majaribio hapohapo, isahihishwe kabla hajaondoka.