Nani amepima?

"Tumeelewana?"
"Ndiyooo!"

Kama umewahi kukanyaga darasa la Tanzania, wimbo huo unaujua. Mimi nimeuimbisha miaka mingi hapa Mbeya, natoka darasani kifua mbele, halafu nikianza kusahihisha mtihani najionea nilichokuwa naitikiwa.

Siku hizi nauliza vingine. Asubuhi moja ya Juni, ile baridi yetu ya masweta mawili, niliwauliza Kidato cha Pili maji yanachemka kwa nyuzi joto ngapi. Darasa zima: mia moja! Nikauliza, nani amepima? Kimya. (Najua lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza. Lakini nikichimba kwa Kiingereza, nusu ya darasa inahangaika na sarufi, maji yanasahaulika. Mnisamehe.)

Tukabandika sufuria kwenye jiko la gesi, tukatumbukiza kipimajoto. Maji yakatokota, zebaki ikapanda hadi 94, ikagoma. "Kibovu hicho," akasema kijana wa nyuma. Ulimi uliniwasha nitoe jibu. Nikauzuia: utajuaje kama ni kibovu? Wakabishana weee, mwisho mmoja akakimbilia dukani kuleta barafu. Tukaiponda, ilipoanza kuyeyuka kipimajoto kikasoma sifuri. Kijana bado hakuridhika: huko chini sawa, je, huko juu? Tukaleta cha pili. 94 tena.

Ndipo binti mmoja aliyekwenda likizo kwa shangazi yake Dar akasema maharage ya kule yanaiva upesi, wakati huku mama yake anamaliza mkaa. Dar na hapa pana tofauti gani? Wakaanza kupanda mlima wenyewe: tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa inayoyakandamiza maji ni pungufu, kwa hiyo yanachemka kabla hayajapata joto la kutosha kuivisha haraka. Vipindi viwili vya dakika 40 vikaishia hapo. Mada ya wiki ile nikaibeba kiporo, na mtaaluma, yule mwalimu anayesimamia masomo shuleni, alininunia.

Swali gumu kuliko yote, kwangu, ni "una uhakika?" Mwanafunzi akilisikia anafuta jibu papo hapo, hata kama lilikuwa sahihi, maana tangu darasa la kwanza amezoea kwamba mwalimu akiuliza hivyo basi umekosea. Kosa hilo ni letu. Ikabidi nianze kuliuliza hata kwenye majibu sahihi, sauti ileile, uso uleule, kisha nahesabu hadi kumi moyoni bila kumsaidia mtu. Hizo sekunde kumi ni ndefu, asikudanganye mtu. Karibu muhula mzima ulipita kabla sijajibiwa, "Ndiyo mwalimu, ninao, na sababu yangu ni hii."

Yule binti wa maharage, kwenye mtihani wa ujirani mwema, ule wa pamoja wa shule jirani, aliandika 94, akaongeza "hapa Mbeya". Akapigiwa kosa. Alikuja ofisini na karatasi yake, akasimama mlangoni.

"Shikamoo mwalimu. Eti, aliyesahihisha amepima?"

Nilimwandikia barua ya rufaa siku hiyohiyo. Alama hawakurudisha.