Vivek Oji hakuandikiwa Wazungu

Nimesoma makala inayodai eti riwaya za Kiafrika zenye wahusika wapenzi wa jinsia moja huandikwa kuwafurahisha Wazungu! Mwandishi wa makala hiyo ameitaja The Death of Vivek Oji, riwaya ya Akwaeke Emezi wa Nigeria (2020), lakini sidhani kama ameimaliza. Kilichonishika mimi si mapenzi, ni mama. Kavita anaikuta maiti ya mwanawe Vivek mlangoni, imefunikwa kitambaa, kisha anawafuata marafiki wa marehemu mmoja mmoja kuuliza kilichotokea, nao wanamficha. Na yule mke wa ndugu ya baba yake Vivek anampeleka kijana kanisani akaombewe, na kijana anaishia kupigwa! Mzungu ndiye atahitaji maelezo hapo, si mimi. (Sura za Osita, binamu yake Vivek, zilinichosha kidogo.) Nani mwingine ameisoma, na angempa mama yake aisome?