Ramani Binafsi ya Rangi Iwe Njia ya Mwisho

Programu nyingi za X11 (mfumo wa madirisha wa Unix na Linux) zinazojitengenezea ramani yake ya rangi, yaani jedwali linalosema kila namba ya pikseli ni rangi gani, kwenye skrini ya biti 8 hazikuwa na haja nayo. Mwandishi wake aliona XAllocColor, wito wa kuomba rangi, imerudisha sifuri, yaani imekataa, akakimbilia XCreateColormap, inayotengeneza ramani mpya. Matokeo yake mtumiaji akihamia dirisha hilo, skrini yote inageuka: maandishi meupe yanakuwa ya waridi, mandharinyuma inakuwa ya kijani. Kadi nyingi za aina hiyo zina jedwali moja tu lenye nafasi 256. Kisimamizi cha madirisha (programu inayopanga madirisha kwenye skrini) kikiweka ramani ya dirisha linalotumika, madirisha mengine nayo yanasomwa kwa ramani hiyohiyo, na nafasi namba 17 iliyokuwa bluu kwao sasa ni rangi nyingine kabisa.

Msimamo wangu ni huu: anza na ramani ya msingi ya skrini, ambayo programu zote hugawana, na omba rangi kwa XAllocColor, si kwa XAllocColorCells. Ya kwanza hutoa nafasi ya kusomwa tu, kwa hiyo programu kumi zikiomba nyeupe ileile zinagawana nafasi moja. Ya pili hukupa nafasi unayoweza kuiandika upya utakavyo, lakini hakuna mwingine wa kuitumia nawe mpaka uiachie. Inafaa pale unapotaka rangi ibadilike bila kuchora upya, kwa mfano kisanduku cha kuonyesha rangi inayochaguliwa, na hapo nafasi moja inatosha.

Utaratibu wa kuomba nao una uzito wake. Tanguliza maandishi, mandharinyuma na mipaka. Picha zije nyuma. Picha ikitangulia itazoa nafasi zilizobaki kwa vivuli vya anga ambavyo jicho halivitofautishi, kisha kitufe kikose rangi. Mchemraba wa rangi wa 6×6×6 (viwango sita kila kimoja vya nyekundu, kijani na bluu) unakula nafasi 216, na huo ni ulafi. 4×4×4 ni nafasi 64 tu, na ukisambaza kosa la kila pikseli (tofauti ya rangi iliyotakiwa na iliyopatikana) kwa jirani zake, picha inatazamika vizuri.

Jedwali likijaa, kazi haijaisha. Soma nafasi zote 256 kwa XQueryColors, zipange kwa ukaribu na rangi unayoitaka (tofauti ya kijani ipe uzito kuliko ya bluu), kisha omba kwa XAllocColor thamani ileile iliyosomwa kwenye nafasi ya karibu zaidi. Ikikataliwa, huenda nafasi hiyo ni ya kuandikwa na ina mwenyewe, jaribu inayofuata. Wapo wanaoruka hatua hii ya kuomba, wakatumia namba ya pikseli moja kwa moja. Mwenye nafasi akiiachia, au akiibadilisha, rangi yao inageuka bila onyo. Kumbuka pia kwamba XAllocColor huandika juu ya thamani ulizotuma zile ilizokupa hasa, kwa hiyo hifadhi nakala kabla ya kuita.

Ukishindwa kabisa, tumia XCopyColormapAndFree. Huhamishia nafasi zako kwenye ramani mpya kwa namba zilezile, na ulichokwisha kuchora hakiharibiki. Ramani ikiwa ya dirisha la ndani, si dirisha kuu la programu, litaje kwa XSetWMColormapWindows ili kisimamizi kilijue. Usiite XInstallColormap mwenyewe. Hiyo ni kazi ya kisimamizi cha madirisha.

Kwenye skrini kama hizo, Windows ilitenga rangi 20 za mfumo na kuziachia programu 236, uamuzi wa busara kwa maoni yangu, maana vitufe na menyu havikugeuka ovyo. Mtego wake ulikuwa ujumbe wa WM_PALETTECHANGED, unaotangaza kwamba jedwali la rangi limebadilika: usipokagua kama dirisha lililousababisha ni lako mwenyewe kabla ya kuita RealizePalette, inayoweka rangi zako kwenye jedwali, unaingia kwenye mzunguko usiokwisha.

Kwenye skrini za TrueColor, ambako kila pikseli hubeba viwango vyake vya nyekundu, kijani na bluu, nafasi haziishi, lakini ramani bado ni lazima. Anayetaka dirisha lenye uwazi la biti 32, wakati dirisha mzazi ni la biti 24, hupata BadMatch (kosa la vitu visivyolingana) na kuanza kulaumu seva ya X. Tengeneza ramani kwa aina hiyo ya biti 32 ukitumia AllocNone (usitengewe nafasi yoyote), kwani AllocAll (utengewe zote) kwa TrueColor nayo huleta BadMatch, kisha ipeleke kwa XCreateWindow pamoja na border_pixel, yaani rangi ya mpaka, hata kama mpaka una upana wa 0.