Mengineyo

Tarehe 1 asubuhi nimenunua umeme wa 5,000. Kosa hilo nimelifanya nikiwa na akili zangu timamu, mke wangu shahidi.

Wenye mita ya kushirikiana wameshanielewa. Nyumba yetu hapa Mbagala ina wapangaji sita na mita moja, na kodi ya jengo inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Kwa hiyo tarehe 30 kila mtu mkarimu, mpaka unagombana na jirani nani atangulie kununua. Saa sita usiku ikipita, ukarimu kwisha. Mwezi uliopita tulitegeana siku mbili gizani. Fundi cherehani akatoa pasi yake ya mkaa. Kijana wa bodaboda akawa anachajia simu kwa kinyozi. Mwalimu wa chumba cha uani, mtu mzima na miwani yake, akatuambia giza linapumzisha macho.

Safari hii mtoto ana vipele vya joto na feni imelala. Nikanunua. Ujumbe ukaja: tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita, uniti 9.8. Siku zote 5,000 inanipa 14! Imepita 1,500 ya jengo hapo, jengo ambalo hata msumari siruhusiwi kupigilia. Mwaka 2021 walianza na 1,000 kwa mwezi. Tukanung'unika, wakatusikia, mwaka 2023 ikawa 1,500.

Lakini mimi ni raia, na raia ana haki zake. Tuliambiwa tangu mwanzo kwamba mzigo huu ni wa mwenye nyumba, mpangaji akilipa wakubaliane. Nikavaa shati la harusi, nikaweka kalamu mfukoni, nikachukua bahasha ya kaki (ndani yake haina kitu, ila bahasha ya kaki inakupa uzito), nikaenda kukubaliana.

Nimemkuta bibi mwenye nyumba kibarazani anapeta mchele.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Umeleta kodi?”

“Hapana bibi. Nimekuja kwa ajili ya kodi.”

“Si ndiyo hiyo hiyo? Weka hapo chini ya ungo.”

Nikakohoa. Nikamweleza taratibu kwamba kuna kodi ninayomlipa yeye, na kuna kodi anayotakiwa yeye kuilipa serikali, na hii ya pili nimeilipa mimi, kwa hiyo namdai 1,500, kwa mwaka ni 18,000.

“Kodi ya nini hiyo?”

“Ya jengo.”

“Jengo anakaa nani?”

“Mimi, bibi, lakini...”

“Mimi nakaa wapi?”

“Hapa.”

“Na mita iko wapi?”

“Kule.”

“Basi serikali imepita hapa mlangoni kwangu, imeniacha napeta mchele, ikaenda kule kwenye mita. Wewe unaona serikali imepotea njia?”

Nikafungua bahasha, nikaifunga. Bibi akamtuma mjukuu ndani. Kikaja kile kikopo cha biskuti ambacho kila mtu mzima anacho na hakijawahi kuonekana na biskuti. Akatoa picha ya pasipoti ya marehemu mumewe, akaibusu. Akatoa kadi ya kliniki ya mtu ambaye sasa ana ndevu. Mwisho akatoa mkataba wangu, ukurasa wa daftari, umekunjwa mara nne, na saini ya mjumbe imepinda kwenda juu.

“Soma namba saba.”

“Mpangaji atajilipia umeme, maji, taka na mengineyo.”

“Neno la mwisho.”

“Mengineyo.”

“Kwa sauti, masikio yangu si mazima.”

“Mengineyo, bibi!”

Wapita njia wakageuka. Bibi akaendelea kupeta, mchele unaruka na kutua, anautazama huo tu. Hapo damu ikanichemka, nikasema basi nitakwenda baraza la kata. Akanitazama kwa huruma.

“Baraza la kata kwa mambo ya ardhi siku hizi linasuluhisha tu, hukumu halitoi. Sasa sisi tumegombana?”

Amejulia wapi huyu? Mimi mwenyewe nimesikia redioni wiki iliyopita tu! Kabla sijajibu akaongeza kwamba mkataba wenyewe ulikwisha tangu mwezi wa tatu, kwa hiyo mimi kwake ni mgeni, na mgeni hadai. Nikamwambia bibi, ukishaendelea kupokea kodi, upangaji unaendelea mwezi kwa mwezi, ndiyo sheria. Akafurahi sana. “Vizuri. Basi tuandike mpya, unilipe miezi sita mbele.”

Miezi sita! Mimi mshahara wangu unakuja mwezi kwa mwezi, na tarehe 10 haupo. Ndiyo maana sisi hatuhami. Ukihama kuna dalali na mwezi wake mmoja, kuna hela ya kuoneshwa vyumba ambavyo vimeshapangishwa, kuna barua ya serikali ya mtaa, na mwenye muhuri ametoka kidogo tangu juzi. Ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, mimi niko darasa la sita nacheza gololi. Sikushirikishwa.

Nikaaga. Bibi akasema sukari imemwishia. Nikampa 2,000. Usiniulize kwa nini, na wewe ungempa.

Narudi nyumbani, mlango wa fundi cherehani uko wazi, redio inaimba, pasi ya mkaa imerudi chini ya kitanda. Ya umeme inatoa moshi juu ya lundo la sare za shule, sijui za shule ngapi. Nimeangalia mita: 6.1. Kanisalimia kwa adabu, kaka kaka nyingi. Nikaona na mimi nifaidi, nikamvulia shati langu la harusi alinyooshe, limekunjamana kwa jasho la haki zangu.

“Mia tano tu, kaka.”

Nimemlipa. Halafu kifungo cha pili kimeyeyuka. Vifungo vya siku hizi sijui wanatengenezea nini, zamani shati linachakaa, kifungo unakihamishia kwenye shati jingine.